Mbwa anapozeeka au kuingiwa na hofu, asidhaniwe mkaidi

MBWA wengi wa Eldoret hawafugwi kwa mapambo. Hufugwa kwa kazi. Kuanzia nyumba kubwa za Elgon View hadi vyumba vya kukodisha vya Langas na Huruma, na hata katika mashamba ya mahindi yanayolizunguka jiji hilo la kaunti ya Uasin Gishu, mbwa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa jioni lango linapofungwa, ili abweke na kuwatisha wezi hadi alfajiri.

Kwa sababu hiyo, thamani yake hupimwa kwa sauti na meno. Siku anapoanza kulala usiku kucha bila kubweka, au kukojoa pale pale alipolala, au kujificha chini ya gari radi inapopiga, mwenye boma huona kwamba ameacha kazi. Wapo wanaoanza kumpunguzia chakula. Wapo wanaompakia garini na kumshusha mbali na nyumbani, akaongeze idadi ya mbwa koko. Wengine humwekea sumu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayoitwa uvivu, ukaidi au wazimu wa mbwa huwa ni maumivu, upungufu wa macho na masikio, au hofu. Mengi kati ya hayo yana matibabu, na mengine huhitaji tu banda kavu na mtu mwenye subira. Asiyejua kuyatofautisha hujiweka hatarini yeye mwenyewe na watoto wake, maana mbwa anayeumwa hung'ata upesi kuliko aliye mzima.

Umri haufanani

Kauli inayosikika mara kwa mara kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka 7 ya binadamu haina uzito. Mbwa wa mwaka mmoja aghalabu amekwisha kubaleghe na anaweza kuzaa, jambo ambalo mtoto wa miaka 7 hawezi.

Lililo muhimu ni umbo. Mbwa wakubwa, kwa mfano aina ya German Shepherd inayopendwa sana na wenye kutaka ulinzi, huingia uzeeni wakiwa na miaka 7 au 8, na wachache ndio hupita miaka 13. Mbwa wadogo huanza kuzeeka wakiwa na miaka 10 au 11. Mbwa wa kienyeji mwenye umbo la kadiri yuko katikati, almuradi aepushwe na magari, kupe na kichaa cha mbwa.

Mvi za mdomoni si ushahidi wa kutosha. Macho hueleza zaidi. Mbwa wengi waliopita miaka 7 hupata wingu la rangi ya buluu ndani ya mboni, na wenye mbwa hushtuka wakidhani amepofuka. Wingu hilo ni kukakamaa kwa lenzi ya jicho, na mbwa huendelea kuona vizuri. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: weupe wake ni mzito kama maziwa, na mbwa huanza kugonga viti na kusita mlangoni.

Masikio nayo hufifia polepole, na hapa ndipo ajali hutokea. Mbwa asiyesikia humkuta mtoto amekwisha kumshika mgongoni, hushtuka usingizini na kung'ata kabla hajajua ni nani. Watoto wa nyumba wafundishwe kutomgusa mbwa mzee aliyelala. Wakanyage ardhi kwa nguvu umbali wa hatua chache, ahisi mtikisiko, afumbue macho kwanza. Mbwa aliyezoezwa ishara za mkono angali kijana hupata nafuu kubwa wakati huo, kwa kuwa macho hufanya kazi ambayo masikio yameshindwa.

Baridi, saruji na dawa za binadamu

Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, baada ya mvua ya jioni, bawabu hujifunika koti zito na kujikunyata kando ya jiko la makaa. Mbwa anayelinda pamoja naye hulala juu ya saruji.

Mbwa kijana huvumilia. Mzee hawezi. Viungo vyake, kama vya binadamu, vina gegedu laini linalozuia mifupa isisagane. Kadiri miaka inavyopita gegedu hilo hulika, kiungo huvimba, na kila hatua huwa na uchungu wake. Huo ni ugonjwa ambao wengi huuita baridi yabisi. Baridi yenyewe haiuleti, lakini huzidisha ukakamavu na maumivu. Aina ya German Shepherd huathirika zaidi, kwa kuwa wengi wao huzaliwa na kasoro ya nyonga wanayoirithi kwa wazazi.

Tatizo ni kwamba mbwa mwenye maumivu ya viungo ni nadra kulia. Huamka kwa shida asubuhi, kisha hunyooka baada ya hatua chache. Hukataa kuruka kwenye gari ambalo jana alilirukia. Hulamba goti moja siku nzima hadi manyoya yanabadilika rangi. Kucha zake hurefuka kwa sababu hatembei vya kutosha kuzipunguza. Akiguswa kiunoni hunguruma, na mwenyewe husema kwamba mbwa huyu siku hizi ana kiburi.

Matunzo ya kwanza hayana gharama kubwa. Kitanda cha mbao za kreti kilichoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, juu yake gunia lililojazwa nyasi kavu au maranda ya seremala, huondoa nusu ya tabu. Gunia hilo lipigwe jua na nyasi zibadilishwe kila wiki, la sivyo litakuwa makao ya viroboto. Mlango wa banda uupe kisogo upepo wa usiku. Matembezi mafupi ya kila siku ni bora kuliko mbio za mara moja kwa wiki, na mwili usinenepe: mtu akipitisha kiganja ubavuni anapaswa kuhisi mbavu bila kubonyeza.

Jambo la hatari zaidi huanza pale mwenye mbwa anapoamua kumtibu kwa dawa zilizo nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa mjini, huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, hata kwa kipimo ambacho kwa mtu ni kidogo. Parasetamoli huweza kuliharibu ini na damu. Dalili zake ni kutapika, kinyesi cheusi kama lami na kukataa chakula, na mara nyingi mwenye mbwa huongeza kidonge kingine akidhani ugonjwa ndio umezidi.

Dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zipo, miongoni mwazo karprofeni na meloksikamu, na hutolewa kwa kupima uzito wa mnyama. Mwenye mbwa amweleze daktari kila sindano iliyotangulia, kwa kuwa dawa hizo zikichanganywa na zile za jamii ya deksamethasoni vidonda vya tumbo hufuata kwa urahisi.

Vivyo hivyo kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Uasin Gishu ni nchi ya maziwa, na chupa ya dawa ya kupe haikosekani bomani. Kumwogesha mbwa kwa kipimo cha ng'ombe ni kumpa sumu kupitia ngozi, na mzee au mgonjwa ndiye huumia kwanza. Lakini kupe wasiachwe pia. Mbwa aliyelegea ghafla, ufizi wake ukapauka na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, huenda ana ugonjwa ulioletwa na kupe ambao unatibika. Kusema kwamba ni uzee tu ni kumwacha afe kwa jambo lenye dawa.

Mahindi mabovu hayafai hata kwa mbwa

Mbwa wa kaunti hii, ambayo pamoja na Trans Nzoia huhesabiwa kuwa ghala la mahindi la Kenya, hula ugali. Ugali si mbaya ukichanganywa na nyama ya matumbo, dagaa au mayai. Ubaya uko katika mahindi yenyewe.

Wakati wa kuvuna, kuanzia Oktoba, mahindi yaliyoota ukungu hutengwa na yale ya kuuza. Aghalabu yaliyotengwa husagwa kwa ajili ya kuku na mbwa. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu aina ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wakenya wanaikumbuka: mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoathiriwa.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi zaidi na sumu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2005 nchini Marekani, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa kula chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye aflatoksini. Ini ndilo hushambuliwa kwanza, na kwa mbwa mzee ambaye ini limekwisha kuchoka, sumu kidogo kidogo ya kila siku humkondesha kwa miezi bila mtu kujua chanzo. Manjano kwenye macho na ufizi ni dalili iliyochelewa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu na chakula chenye chumvi nyingi visiingie katika sahani yake. Mwenye meno mabovu alainishiwe chakula kwa mchuzi usiotiwa viungo. Harufu kali ya kinywa ambayo wengi huichukulia kuwa ya kawaida huwa ni ufizi uliooza, na mbwa anayetaka kula kisha akaacha huenda anaumwa jino.

Maji pia yatazamwe. Mbwa aliyeanza kumaliza bakuli mara mbili kwa siku na kukojoa ovyo si mchafu. Figo, kisukari au tezi zina tatizo. Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, hali hiyo wiki chache baada ya joto ni ya dharura: mji wa mimba huweza kujaa usaha, ama ukitoka nje ama ukibaki ndani, na asipofanyiwa upasuaji mapema hufa. Majike wengi wanaolinda maboma hawajawahi kufungwa kizazi, na ugonjwa huo huwajia zaidi wakiwa wamepita umri wa kati.

Anapoisahau nyumba yake

Kuna wazee wa mbwa ambao viungo vyao ni vizima ila fahamu zinawahama. Husimama kwenye kona wakiutazama ukuta. Husubiri mlango ufunguke upande wa bawaba. Hulala mchana kutwa na kuzunguka uani usiku, wakibweka bila kuona kitu, na bawabu hudhani kuna mwizi.

Utafiti wa mbwa wazee uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba miongoni mwa mbwa wa miaka 11 hadi 12, asilimia 28 walikuwa na angalau dalili moja ya kudhoofika kwa akili. Kwa wale wa miaka 15 hadi 16, idadi ilipanda hadi asilimia 68. Ubongo wao hupata mabadiliko yanayofanana kwa kiasi fulani na yale ya ugonjwa wa kusahau unaowapata binadamu.

Mbwa wa namna hii husaidiwa na mazoea. Bakuli lisihamishwe, banda lisigeuzwe, chakula kije saa ile ile. Taa ndogo usiku humpunguzia kuhangaika. Kumpiga kwa sababu amekojoa ndani hakumfundishi chochote, kwa kuwa hakumbuki alichofanya dakika tano zilizopita. Anachokumbuka ni kuogopa mkono uliompiga.

Ngurumo juu ya mabati

Hofu ni mlango wa pili wa tabu hii, na Eldoret ina sababu zake. Msimu wa mvua huanza takriban Machi na kuendelea hadi Septemba, na mvua nyingi hunyesha alasiri zikiandamana na radi. Nyanda za juu za Nandi na Kericho zilizo jirani zinajulikana kwa mvua ya mawe. Mawe hayo yakianguka juu ya mabati, hata watu ndani ya nyumba hawasikilizani. Mbwa, ambaye husikia milio ya kiwango cha juu kupita binadamu, yumo ndani ya kibanda kilichoezekwa bati moja, na kelele yote i juu ya kichwa chake.

Kuna pia fataki za usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, na misafara ya kisiasa yenye honi na vipaza sauti. Mbwa mwenye hofu huhema, hutetemeka, hudondosha mate, huchimba chini ya lango au kuruka ua akakimbia asikokujua. Wengine hupotea usiku huo huo, wengine hugongwa barabarani.

Jambo linalofaa kuzingatiwa ni kwamba hofu ya kelele na maumivu huweza kuwa kitu kimoja. Watafiti wa Brazil na Uingereza walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa mbwa 20 wenye kuogopa kelele, nusu yao wakiwa na maumivu ya misuli au viungo. Wenye maumivu walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa zaidi, kwa wastani wa karibu miaka minne. Maelezo yao ni rahisi: mbwa anaposhtuka hukaza mwili, kiungo kibovu huuma, naye huuhusisha uchungu ule na ule mlio. Hao 20 ni wachache, lakini funzo lake ni la manufaa bomani. Mbwa aliyeishi miaka 8 bila kujali radi kisha akaanza kuiogopa apelekwe akapimwe miguu na mgongo kabla ya kuitwa mwoga.

Kwa wengine hofu ilipandwa utotoni. Watafiti Scott na Fuller, katika kitabu walichokitoa Marekani mwaka 1965, walieleza kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu na mambo ya dunia hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Katika maboma mengi, muda huo ndio mtoto wa mbwa hufungiwa gizani asione mtu, kwa imani kwamba atatoka akiwa mkali. Hutoka akiwa na hofu. Humbwekea mwizi, mgeni, mwanafunzi anayepita na karatasi inayopeperushwa na upepo, hadi jirani hawasikilizi tena kelele zake. Huo si ulinzi.

Kuhusu tiba, kwanza ni mahali pa kukimbilia. Bati la banda lifunikwe kwa nyasi nene au magunia, au liwekewe dari ya mbao. Mvua kubwa inapokuja, mbwa aruhusiwe kuingia katika stoo au jikoni, penye kona yenye giza, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya kadiri. Hofu ya baadhi ya watu kwamba mbwa aliyelala ndani usiku mmoja atasahau kulinda haina msingi.

Pili, kumtuliza hakumwongezei woga. Dhana kwamba ukimpapasa mbwa anayetetemeka unamsifu kwa kutetemeka imepitwa na wakati. Hofu si tendo la hiari ambalo huzidi kwa kupewa zawadi. Anayetaka kukaa karibu na mtu akae, na anayetaka kujificha aachwe ajifiche.

Tatu, kwa wale ambao hofu imewazidi, daktari anaweza kutoa dawa. Ziko zinazopunguza wasiwasi wenyewe, nyingine zikiwa za jamii inayotumiwa pia na binadamu wenye huzuni. Ziko pia za kulegeza mwili tu, na hizo ndizo za kutahadhari nazo, kwani mbwa hulala chini asiweze kusimama huku masikio na hofu yake vikiwa macho. Mwenye mbwa aulize waziwazi anachopewa ni kipi.

Mbwa anayeteseka kwa kuachwa peke yake ana tatizo lililo karibu na hilo. Watoto waliokuwa wakicheza naye hurudi shule za bweni, mwenye nyumba hubadilisha kazi, na mbwa hutafuna mlango hadi meno yanavunjika. Adhabu ya jioni haina maana. Linalosaidia ni kumzoeza upweke kidogo kidogo, dakika chache kwanza, kisha nusu saa, na kumwachia mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe wa kumshughulisha, kama meno yake bado ni mazima.

Tahadhari ya kichaa

Yote hayo hayaondoi swali ambalo kila mzazi hujiuliza mbwa anapobadilika ghafla: je, ni kichaa? Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na hadi leo hakijaondoka. Duniani kote hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa ifikapo mwaka 2030.

Tofauti iko katika mwendo wa mambo. Uzee hubadilisha mbwa kwa miezi, na hofu ya radi huisha radi ikiisha. Kichaa hubadilisha mbwa kwa siku chache: mpole huwa mkali au mkali huwa mpole kupita kiasi, sauti hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka, kumeza hushindikana, na mbwa hufa kwa kawaida ndani ya siku 10 baada ya dalili kuanza. Mbwa wa namna hiyo asishikwe wala kufunguliwa kinywa kutafuta mfupa uliokwama. Afungiwe, na ofisi ya mifugo ya kaunti ipewe habari.

Mtu akiumwa, au mate yakiingia katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe chanjo. Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, lakini chanjo isisubiriwe hadi mtu afike huko kama kituo cha karibu kinayo. Dalili zikianza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa.

Ndiyo maana mbwa mzee asiachwe nje ya chanjo ya kila mwaka kwa hoja kwamba siku zake ni chache. Na ndiyo maana pia kumtupa mbwa mzee barabarani ni kosa lenye madhara kwa wote: ili kichaa kizuiwe, asilimia 70 ya mbwa wa mahali wanapaswa kuwa na chanjo, na mbwa aliyetupwa hana wa kumpeleka. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inawalinda wanyama wa nyumbani dhidi ya kupigwa kikatili, kushindishwa njaa na kutelekezwa.

Bakuli na kigoda

Wazee wa nchi hii walikwisha kumfikiria mbwa kwa uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika kitabu The Nandi kilichochapishwa mwaka 1909, A. C. Hollis aliandika simulizi ya Wanandi kuhusu chanzo cha mauti. Mbwa alikuja kwa watu wa kwanza akaahidi kwamba wakifa watafufuka kama mwezi, endapo watampa maziwa katika kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Watu wakamcheka, wakammiminia juu ya kigoda. Mbwa akakasirika, na tangu siku hiyo mwezi peke yake ndio hurudi.

Kwa Waislamu, mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, lakini mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na chakula na maji yake ni wajibu wa aliyemweka.

Kumpata daktari wa kumwona mbwa huwa na ugumu wa pekee hapa. Madaktari wa mifugo wapo, lakini wengi wao siku yao huishia kwa ng'ombe wa maziwa, na mwenye boma huona aibu kulipa nauli ya daktari kwa ajili ya mbwa. Njia nyepesi ni kumwomba amtazame siku aliyokuja kwa ng'ombe. Mtoa huduma awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, hasa panapohusika sindano na upasuaji. Mbwa aliyepita miaka 7 atazamwe angalau mara moja kwa mwaka, na ikiwezekana mara mbili.

Itafika siku ambayo matunzo hayatoshi. Dalili zake si za siri: mbwa hali, hawezi kusimama kwenda haja, hageuki anapoitwa jina, na siku mbaya zimezidi njema. Kumalizia uhai wake kwa sindano ya daktari, inayomlaza usingizi kabla ya moyo kusimama, ni tofauti kabisa na sumu ya panya ndani ya nyama au kamba mtini. Sumu huua kwa saa nyingi za mateso, na mzoga wake huweza kuua mbwa wa jirani, mwewe na paka. Mzoga wowote uzikwe shimo refu, mbali na kisima.

Wengi huleta mtoto wa mbwa baada ya mzee kufa. Afadhali aje mapema, mzee angali na nguvu za kubweka, kwa kuwa mbwa mdogo hujifunza kwake nani wa nyumbani na nani mgeni. Wapewe mabakuli mbalimbali yaliyotengana, mzee ale kwanza, na awe na kitanda ambacho mdogo hawezi kukifikia akitaka kucheza saa ambazo mwenzake anataka kulala.